Ndizi Zinapita, Voi Inangoja

Lori la ndizi linalotoka soko la Taveta husafiri kama kilomita 110 kwa barabara ya lami, likipita katikati ya Tsavo na kando ya mashamba ya mkonge ya Mwatate, hadi Voi. Hapo huingia barabara kuu na kushika njia ya Mombasa. Mwaka wa ukame, vijiji vilivyo karibu na njia hiyo huwa vinangoja mahindi ya msaada kutoka mbali. Shibe na njaa zimo ndani ya kaunti moja, Taita Taveta, na barabara ya kuziunganisha ipo tayari.

Mgawanyo huu una sababu. Hifadhi za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi zimechukua zaidi ya asilimia 60 ya ardhi ya Taita Taveta, na wakazi wake, 340,671 kwa sensa ya mwaka 2019, wamebanwa kwenye kilichobaki. Wundanyi ina mvua ya milimani na mboga zake. Taveta ina chemchemi zinazolishwa na Kilimanjaro, ndizi na nyanya. Sagalla, Kasigau na nyanda za Voi hutegemea mawingu, na hata pojo na mahindi yakistawi, tembo huwahi kuvuna kabla ya mwenye shamba. Kule Sagalla wakulima wamezungushia mashamba yao mizinga ya nyuki, kwa kuwa tembo huogopa nyuki; ni ubunifu wa kusifiwa, ingawa mzinga haulindi shamba lisilopata mvua.

Njaa si ngeni hapa. Historia ya Wataita inaikumbuka njaa ya Mwakisenge ya miaka ya 1880. Lakini miaka ya karibuni imeleta shinikizo la aina nyingine. Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi 2022, mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo katika maeneo makame ya Kenya. Mwaka 2022 pakiti ya unga ya kilo mbili ilipita shilingi 200, kwa hiyo hata mwenye kibarua mjini Voi, asiyelima chochote, alijikuta miongoni mwa wahitaji. Kisha mwaka 2025 Marekani ikalifunga shirika lake la misaada, USAID, na fungu kubwa la msaada wa nje likakauka.

Mzigo huo huwaangukia watu wa karibu: makanisa, misikiti, vyama vya akina mama, Msalaba Mwekundu. Kazi yao ndiyo kazi ya benki ya chakula, hata pasipokuwa na jengo lenye jina hilo. Wazo la benki yenyewe lilianzia Phoenix, Marekani, mwaka 1967: kukusanya chakula kizima kinachoelekea kutupwa na kukifikisha kwa wenye haja. Tangu 2017, shirika la Food Banking Kenya limekuwa likifanya hivyo kutoka Nairobi, likiokoa hata mboga nzuri zinazokataliwa na wanunuzi kwa sababu ya umbo tu.

Taita Taveta nayo inaweza kuwa na benki kama hiyo. Kikundi cha kujitolea kinaweza kupika na kugawa. Hakiwezi kwa urahisi kumiliki lori wala chumba cha baridi, na ndipo serikali ya kaunti inapoingia. Kilimo na masoko ni majukumu yake kikatiba, na Ibara ya 43 inampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa. Kaunti inaweza kufuta ushuru wa mazao kwa chakula cha hisani, kutenga kona yenye kivuli na mizani katika soko la Taveta, na kulipia safari ya lori kila wiki.

Wapo watakaouliza: je, chakula cha bure hakitamwangusha mkulima? Hofu hiyo ina uzito. Mkulima wa Taveta asigeuzwe mfadhili kwa lazima. Nyanya zinapofurika na bei kuporomoka, benki ya chakula inunue sehemu yazo kwa bei iliyotangazwa mapema. Iombe bure kile tu ambacho soko limekikataa. Vivyo hivyo, orodha ya wanaopokea itokane na takwimu za Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame na ithibitishwe kwenye baraza la kijiji. Mwanasiasa asishike kalamu ya kuiandika orodha hiyo.

Kwamba kaunti inaweza kushirikiana na shirika la hisani bila kulimeza, Nairobi imeonyesha. Mpango wa Dishi na County, ulioanza mwaka 2023 pamoja na shirika la Food4Education, huwalisha wanafunzi mchana kwa shilingi tano za mzazi, huku jiji likijenga majiko na shirika likiyaendesha. Voi haihitaji majiko makubwa kiasi hicho. Chungu cha kimanga, chakula cha jadi cha Wataita, hupikwa kwa maharagwe, ndizi na mihogo ya hapa hapa.

Fedha ndizo zitakazoamua. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inaruhusu hazina ya dharura, lakini imeiwekea kikomo cha asilimia 2 ya mapato, na fedha za dharura huja baada ya watu kuumia. Mpango wa maendeleo wa mwaka hutakiwa kufika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, wakati Kasigau bado inangojea mvua za vuli. Lori na ghala visipotengewa fungu humo, ni vigumu viingie katika bajeti ya Julai inayofuata, na kanisa litakalotaka mikungu ya Taveta litajitafutia nauli ya gari.