Habari za Mshumaa wa Nyumbani: Tangu Shahamu hata Soya

Umeme ukizimika usiku, jambo la kwanza utendalo ni kupapasa gizani ukitafuta mshumaa. Ukisha kuupata wauwasha, nawe warudi kwenye kitabu chako bila kuuwazia zaidi. Leo, msomaji wangu, nataka uuwazie kidogo. Kijiti hicho cheupe cha bei ndogo kina historia ndefu, na ndani yake wamo wafalme, watoza ushuru, wataalamu wa kemia, na mwisho wake mkulima wa soya. Swali lipitalo katika habari hii yote ni moja: je, mtu aweza kujitengenezea nuru nyumbani mwake, ama ni lazima ainunue kwa mwingine?

Tuanze na majina. Neno letu mshumaa latokana na neno la Kiarabu lenye maana ya nta. Kandili nalo lilitufikia kwa njia ya Kiarabu, lakini asili yake ni Kilatini, na katika shina hilohilo Waingereza walipata jina lao la mshumaa. Basi kandili ya pwani na mshumaa wa London ni ndugu kwa jina, ingawa hawafanani kwa sura.

Katika Ulaya ya zamani palikuwa na mishumaa ya namna mbili. Makanisa na matajiri waliwasha nta ya nyuki, ambayo huwaka vizuri na kutoa harufu ya kupendeza, lakini ilikuwa ghali mno. Watu wengine walitumia shahamu, yaani mafuta ya ng'ombe na kondoo. Hata mafundi wake walikuwa mbalimbali: katika mji wa London chama cha mafundi wa shahamu kilipewa hati ya mfalme mwaka 1462, na chama cha mafundi wa nta mwaka 1484.

Mshumaa wa shahamu haukuwa kazi ngumu kwa mama wa nyumba. Mnyama akichinjwa, mafuta yake yaliyeyushwa na kuchujwa, kisha nyuzi za utambi zikachovywa humo na kutolewa, zikaachwa zipoe, zikachovywa tena na tena mpaka mshumaa ukanenepa. Lakini ulinuka, ulitoa moshi, ulilainika wakati wa joto, na panya waliula. Tena utambi wake haukuungua wote, hata ilimlazimu mtu kuwa na mkasi karibu ili aukate kila baada ya dakika chache. Hebu fikiri kusoma hesabu katika hali hiyo!

Hata hivyo ulikuwa mshumaa wa mtu mwenyewe. Mwaka 1709, Uingereza ilipokuwa vitani na Ufaransa na serikali yake ikihitaji fedha, Bunge la nchi hiyo lilitunga sheria ya kutoza ushuru mishumaa. Ni rahisi kumtoza fundi mwenye duka, lakini ni afisa gani awezaye kuingia kila jiko kuhesabu mishumaa ya kila mama? Kwa hiyo sheria ikawakataza watu kutengeneza mishumaa nyumbani, isipokuwa wale waliopata leseni na kulipa ushuru. Mtu aliyekuwa na shahamu ya kondoo wake mwenyewe akawa hana ruhusa ya kuigeuza kuwa nuru yake mwenyewe. Sheria hiyo ilidumu zaidi ya miaka mia moja. Haikufutwa mpaka mwaka 1831.

Maskini walifanyaje? Sheria iliacha mlango mmoja wazi. Katika nchi hiyo umo unyasi umeao mahali penye majimaji, na ndani yake una kiini laini kama sifongo. Watu waliuchuma, wakaumenya na kuukausha, kisha wakauchovya katika mafuta yaliyobaki jikoni. Kasisi mmoja, Gilbert White wa kijiji cha Selborne, aliandika habari zake mwaka 1775, nazo zikachapishwa katika kitabu chake mwaka 1789. Alikuwa mtu wa kupima mambo, nami nampenda kwa sababu hiyo. Aliuwasha unyasi mmoja wenye urefu upatao sentimita 72, akatazama saa yake, akaona umewaka dakika 57. Akahesabu kwamba kwa robo ya peni jamaa maskini waweza kupata nuru ya saa tano na nusu. Ilikuwa nuru hafifu, lakini haikuwa na ushuru.

Mambo yaligeuka kwa kazi ya mtu mmoja wa Ufaransa, Michel Eugène Chevreul. Yeye alianza kuchunguza sabuni, na kwa njia hiyo akagundua kwamba shahamu si kitu kimoja. Imo gliserini, nazo zimo asidi za mafuta, baadhi zikiwa ngumu na nyingine laini. Ukiiondoa gliserini na zile asidi laini, hubaki kitu kigumu, cheupe, kiwakacho bila ule uvundo. Kitu hicho huitwa stearini. Kitabu chake kilitoka mwaka 1823, na mwaka 1825 yeye na mwenzake Gay-Lussac walipata hati ya kulinda uvumbuzi wao wa mishumaa. Mwaka huohuo Cambacérès, Mfaransa vilevile, aliusuka utambi badala ya kuupota tu. Utambi uliosukwa hujipinda unapowaka, ncha yake ikatokea ukingoni mwa mwali na kuungua yenyewe. Ule mkasi ukapumzika. (Chevreul alifariki mwaka 1889, akiwa na umri wa miaka 102, aliyezaliwa enzi ya shahamu akaiona taa ya umeme.)

Baadaye ilikuja nta itokanayo na makaa ya mawe na petroli, ambayo James Young wa Scotland alianza kuitengeneza kwa biashara baada ya kupata hati yake mwaka 1850. Mishumaa mingi uionayo dukani hata leo ni ya nta hiyo. Ikawa rahisi sana, hata watu wakaacha kujitengenezea. Yaani lile lililopatikana mwaka 1831 kwa kufutwa sheria, kiwanda kililichukua tena bila sheria yoyote.

Sasa tufike kwenye soya. Mmea huu asili yake ni China na nchi jirani, na siku hizi hulimwa mahali pengi, hata huku kwetu katika sehemu za magharibi ya Kenya. Mafuta yake ni ya majimaji, nayo mafuta ya majimaji hayasimami na utambi. Ili uelewe sababu, fikiri juu ya kuni. Kuni zilizonyooka hupangika zikabanana. Zilizopinda hazibanani hata ufanyeje. Chembe za mafuta ya soya ni kama kuni zilizopinda, kwa kuwa zina mapengo yasiyo na haidrojeni. Mwaka 1901 Mjerumani Wilhelm Normann alipata njia ya kuyajaza mapengo hayo, kwa kupitisha haidrojeni ndani ya mafuta yenye moto pamoja na unga wa nikeli. Chembe zikanyooka, zikabanana, na mafuta yakaganda.

Uvumbuzi huo ulitumiwa sana katika sabuni na vyakula. Ilichukua muda mrefu hata watu wakaukumbuka mshumaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Michael Richards, mtengenezaji wa mishumaa katika mji wa Cedar Rapids, jimbo la Iowa, Marekani, alitafuta kitu cha bei nafuu kuliko nta ya nyuki na kisichotoka katika petroli. Iowa ni nchi ya mashamba ya soya, naye akakipata hukohuko. Tangu hapo nta ya soya imeenea, na wengi waitumiao huifanyia kazi katika majiko yao wenyewe, kama wale mama wa shahamu.

Ukiwa na nta hiyo, kazi yake ni hii. Tia maji katika sufuria, na ndani yake weka chombo kidogo chenye nta. Usiiweke nta juu ya moto wenyewe, kwani mafuta yakipata moto mno huwaka, na ukiyamwagia maji yatalipuka. Huanza kuyeyuka ifikapo nyuzi 50 hivi. Bandika utambi wa pamba katikati ya glasi nene au kopo safi la bati, uushike wima kwa vijiti viwili, umimine nta taratibu, kisha uiache ipoe pasipo upepo. Kabla ya kuuwasha, kata utambi ubaki nusu sentimita. Wauzaji husema kwamba mshumaa wa soya hautoi moshi kamwe. Usiwaamini, kila mshumaa hutoa masizi utambi ukiwa mrefu.

Utauliza, kwa nini glasi? Mwaka 1860 Michael Faraday, akiwafundisha vijana huko London habari za mshumaa, aliwaonyesha kwamba mshumaa hujitengenezea kikombe chake: upepo upandao kandokando hupoza ukingo, na nta iliyoyeyuka hukaa katikati. Nta hii ya soya ni laini, wala haiwezi kujishikia ukingo huo. Yahitaji chombo, kama yalivyohitaji mafuta ya nazi katika taa za mababu wa pwani. Baada ya saa moja au mbili, tazama kama nta iliyoyeyuka imefika kwenye ukuta wa glasi. Isipofika, utambi ni mwembamba. Iyeyushe tena, uanze na ulio mnene zaidi.