Nyayo za El Hadji Sy

Ujanani mwake, El Hadji Sy alitandika turubai sakafuni, akavua viatu, akachora kwa miguu. Ni mzaliwa wa Dakar, 1954, na mafunzo aliyapata katika chuo cha sanaa cha serikali. Kwa hiyo teke lile alijua linamwendea nani.

Tangu uhuru wa 1960 Senegali ilitawaliwa na mshairi. Rais Léopold Sédar Senghor aliitukuza sanaa kuliko viongozi wengi wa zama zake: mwaka 1966 aliandaa tamasha la dunia la sanaa za watu weusi, akaanzisha na kiwanda cha mazulia ya kutundika ukutani mjini Thiès. Apewe haki yake. Lakini mwenye kulipa mpiga zumari ndiye anayechagua wimbo. Picha za vinyago na mababu, zilizoafikiana na Negritude, falsafa yake ya kuutukuza utamaduni wa watu weusi, ndizo zilizopata soko ikulu, na wachoraji wengi wakaufuata mkondo huo.

Mapema miaka ya 1970 wachache walikataa. Kundi lao waliliita Laboratoire Agit'Art, maabara ya sanaa ya kuchokoza. Alikuwamo Youssoufa John wa tamthilia, Djibril Diop Mambéty wa filamu, Sy mwenyewe, na Issa Samb, ambaye Dakar ilimzoea kwa jina la Joe Ouakam. Uani kwa Samb, barabara ya Jules Ferry, waliigiza, wakabishana, wakaunda vitu kwa makorokoro. Samb aliziacha kazi zake hapo nje, zipigwe jua na kunyeshewa. Sijui jibu kali zaidi ya hilo kwa sanaa ya kupamba kuta za wakubwa.

Mwaka 1977 Sy na wenzake waliingia katika kambi ya jeshi iliyoachwa, wakaigeuza kuwa Village des Arts, kijiji cha wachoraji, waigizaji na wanamuziki. Mwaka 1983, Senghor akiwa ameshang'atuka, askari wakaja kuwatoa kwa nguvu. Uchungu wa msanii kuona karakana yake ikivunjwa hauna fidia.

Sy hakunyamaza. Alichora juu ya magunia ya mchele na vitambaa vya kutengenezea vishada, picha za kubebwa, kuzungukwa na kuchezewa mbele ya watu. Mwaka 1985 jumba la makumbusho la Frankfurt, lililozoea kukusanya vitu vya Waafrika kwa macho ya Wazungu, lilimwomba yeye achague sanaa ya Senegali ya wakati wake. Kwangu mimi, uamuzi huo una uzito kuliko tuzo yoyote. Mwaka 2015 jumba hilohilo likaonyesha kazi zake mwenyewe.

Issa Samb alifariki Aprili 2017. Mwezi huohuo maonyesho ya sanaa ya Documenta yalifunguliwa Athens, na Sy alikuwamo.