Bawabu, si "Seva Wakala Kinyume"

Kamati moja ya istilahi, ambayo sitaitaja, imetupa "seva wakala kinyume" kama tafsiri ya "reverse proxy", yaani seva inayopokea maombi ya wageni kwa niaba ya seva ya ndani. Maneno matatu, wala hakuna hata moja linaloeleza kazi. Kinyume cha nini? Cha proksi ile inayomwakilisha msomaji akienda intanetini. Basi jina hili halieleweki mpaka umjue mwenzake kwanza, na istilahi ya namna hiyo ni mzigo kwa mwanafunzi.

Neno ninalolitetea, na ambalo nimelipendekeza bila kujibiwa, ni bawabu. Bawabu husimama mlangoni, humhoji mgeni, hupeleka ujumbe ndani na kuleta jibu. Mgeni hamwoni mwenye nyumba. Ndivyo ifanyavyo Nginx, programu aliyoitoa Igor Sysoev mwaka 2004. Asili ya neno bawabu ni Kiarabu, bab, yaani mlango, na katika ukoo huohuo tuna bawaba, kile chuma kinachoushika mlango kwenye fremu. Wakala pia ni la Kiarabu, ndugu wa wakili, lakini tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007 wakala ni mtu wa kuweka na kutoa pesa. Wapo wanaong'ang'ania "mlinda mlango". Hilo ni la wanasoka, na kazi ya golikipa ni kutopitisha kitu; bawabu hupitisha wanaostahili.

Kamati ingesoma kanuni zenyewe za HTTP, RFC 9110 ya mwaka 2022, ingeona kwamba jina la kwanza la chombo hiki humo ni lango. Hilo la kinyume limetajwa kama lakabu tu. Tena, anayetaka kuingia sehemu iliyofungwa ya tovuti, tuseme /usimamizi, bila nywila hujibiwa 401. Proksi ya msomaji ndiyo hujibu 407. Itifaki imewatenga wawili hawa kwa namba, sisi tunawaunganisha kwa jina!

Sema "bawabu anadai nywila kwenye /usimamizi" na sentensi imekamilika.

Kwa mtendaji anayetumia Nginx: nywila ziwekwe katika faili la .htpasswd, auth_basic iandikwe ndani ya location husika, HTTPS iwepo kwa kuwa nywila husafiri katika Base64, ambayo haifichi kitu, na seva ya ndani isikilize 127.0.0.1 pekee, la sivyo mgeni ataifikia bila kuonana na bawabu.