Tundu la boneti halifai kitu kwenye foleni ya Malaba

MADEREVA wengi hudhani kwamba tundu la boneti la Subaru Impreza WRX huipelekea injini hewa moja kwa moja. Sivyo. Upepo wake hupuliza kipozeo kilicho juu ya injini, ambacho hupunguza joto la hewa iliyoshindiliwa na tabo. Hewa ikipoa kwa nyuzi 10, uzito wake huongezeka kwa takriban asilimia 3, na nguvu za injini huongezeka.

Katika foleni ya malori Busia au Malaba, gari likisimama, upepo hukatika na kipozeo hupata moto. Matundu ya kutolea joto nyuma ya rejeta husaidia. Yakikatwa karibu na kioo cha mbele, penye shinikizo kubwa, hewa huweza kurudi ndani gari liendapo kasi.