0744 ilipogeuka 0754

Wadau, mimi nina ugonjwa wa simu. Toleo jipya la programu likitoka nalipakua usiku uleule, na asubuhi majina yote yako palepale. Tangu Android ianze kuuzwa mwaka 2008 majina yanakaa kwenye akaunti. Simu ikizama Ziwa Tanganyika, hayazami nayo.

Lakini apdeti kubwa kuliko zote hapa Kigoma ilifanywa kwa vidole. Katikati ya miaka ya 2000 namba zilibadilishwa nchi nzima: 0744 ikawa 0754, 0741 ikawa 0713, 0748 ikawa 0784. Nokia haikujirekebisha ng'o! Unafungua jina, unafuta, unaandika, unahamia jingine. Wenye majina mia mbili walikesha.

Na asiye na habari je? Kuanzia 2005 wakimbizi wa kambi ya Lugufu walirudishwa kwao Kongo, wakivuka ziwa kwa meli hadi Baraka, na namba zetu za zamani mfukoni.

Mama mdogo wangu, muuza dagaa wa Ujiji, bado ana daftari la enzi hizo. Namba zote kazikata na kuandika mpya, isipokuwa za wateja wake wa Lugufu. Nikamuuliza kwa nini.

"Walishaondoka. Na yangu wanayo ileile ya 0744."