Chai ya Bure Ndani ya Meli ya Malkia

Majira yangu ya kwanza ya baridi Geneva sikuwa na kazi wala senti ya kuchezea. Mkongo mmoja wa Uvira niliyekuwa nimepanga naye chumba akaniambia asubuhi moja, "Ndugu, kuja nikupeleke fasi moja wanatoa chai, hakuna mtu atakuuliza jina." Nikavaa makoti mawili, tukatembea hadi ukingoni mwa ziwa. Nilidhani ananipeleka kanisani. Kumbe melini.

Meli kabisa, ndefu, nyeupe, yenye magurudumu ya makasia mbavuni, imefungwa kamba gatini na haiendi popote. Ndani kulikuwa na wahamiaji kama sisi, wazee wenye mifuko ya plastiki, na Waswisi pia, jambo lililonishangaza kuliko yote. Tukapewa mkate, siagi na kitu cha moto. Jina la meli lilikuwa Genève. Sikuuliza zaidi, maana mwenye njaa haulizi historia.

Miaka kadhaa baadaye, nikiwa na kazi na joto la nyumba, nilikuwa nasoma habari za kuuawa kwa Elisabeth, mke wa mfalme mkuu wa Austria, yule wanayemwita Sissi. Tarehe 10 Septemba 1898 alitoka hoteli ya Beau-Rivage kwa miguu, akiwa na mhudumu wake, kuwahi meli. Pale kando ya ziwa akavamiwa na Mwitaliano aitwaye Luigi Lucheni, aliyempiga kifuani kwa tupa iliyochongwa ncha. Malkia akaanguka, akainuka, akidhani amesukumwa tu, akapanda meli, na meli ikang'oa nanga. Ndipo akazimia. Walipomfungua nguo wakaona doa dogo la damu. Nahodha akageuza meli, wakamrudisha hotelini juu ya machela ya kubahatisha, na siku hiyo hiyo akafa.

Meli yenyewe ilikuwa Genève, iliyojengwa mwaka 1896. Nilirudia ile sentensi mara tatu. Yaani nilikunywa chai pale pale.

Tangu siku hiyo nimekuwa mgonjwa wa meli za Ziwa Léman. Naomba msomaji univumilie, kwa sababu mimi ni mtoto wa Kigoma na kwangu meli haijawahi kuwa pambo. Meli ni Liemba: magunia ya dagaa, mama amefunga mtoto mgongoni, mitumbwi inakuja usiku kuchukua watu kwa sababu kijiji hakina gati. Nilipoziona zile stima nyeupe za Uswisi, na watalii wamekaa kwenye viti vya mbao wakinywa divai, nilijiuliza: hizi nazo zilikuwa za nini kabla ya kuwa za picha?

Zilikuwa za hivyo hivyo. Léman lina urefu wa kilomita zipatazo 72, limejipinda kama mwezi mchanga, Uswisi kaskazini na Ufaransa kusini. Kabla ya mvuke, msafiri alikuwa mtumwa wa upepo. Mwaka 1816 Byron na Shelley walilizunguka kwa mashua ya tanga, na karibu na Meillerie dhoruba ikakaribia kuwazamisha. Shelley hakujua kuogelea. Safari ile ndiyo iliyompeleka Byron kwenye ngome ya Chillon, na shairi lake la mfungwa wa Chillon likatoka mwaka huo huo. Wapenzi wa fasihi wanaijua hadithi hiyo kwa sababu ya shairi. Mimi nataka tuikumbuke kwa sababu ya mashua.

Miaka saba baadaye, 1823, Mmarekani Edward Church, aliyekuwa balozi mdogo wa nchi yake, akaleta stima ya kwanza ziwani, akaiita Guillaume Tell, jina la yule shujaa wa Uswisi aliyelenga tofaa kichwani mwa mwanawe. Mwili wa mbao, moto tumboni. Stima nyingine zikafuata upesi. Sehemu nyingi hazikuwa na gati, hivyo abiria walipelekwa hadi melini kwa mashua za makasia. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu, nikaiona Liemba imesimama mbali na ufukwe, taa zinawaka, na watu wanaitana gizani.

Sasa hapa ndipo penye kiini cha mambo. Mwaka 1858 reli iliunganisha Geneva na Lausanne, na baada ya muda mfupi ikaendelea hadi mwisho wa ziwa upande wa Uswisi. Treni haijali mawimbi. Mfanyabiashara, mjumbe na mwenye haraka wote wakahamia relini. Kampuni za meli, zilizokuwa zikikabana koo zenyewe kwa zenyewe, zikabanwa zaidi. Mwaka 1873 tatu kati yake zikaungana na kuwa CGN, kampuni ambayo ipo hadi leo.

Meli zikabaki na nani? Na asiye na haraka. Msome Henry James katika Daisy Miller, iliyotoka mwaka 1878. Winterbourne anataka kumpeleka Daisy Chillon kwa gari la farasi, lakini binti anang'ang'ania stima, kwa sababu kuna upepo mzuri na unaona watu wengi. Nilipokisoma mara ya kwanza niliona ni deko la msichana tu. Leo naona ni ushahidi wa kihistoria: meli imeshaacha kuwa njia ya kufika, imekuwa sehemu ya kuonekana.

Tusidanganyike lakini kwamba yalikuwa matembezi tupu. Novemba 1883, nje kidogo ya Ouchy, bandari ya Lausanne, meli Rhône iligongana na Cygne ikazama, ikiua zaidi ya watu kumi. Hadi leo imelala chini gizani. Julai 1892, pale pale Ouchy, mtambo wa mvuke wa meli Mont-Blanc ulipasuka, mvuke ukavamia saluni ya daraja la kwanza. Watu 26 walikufa. Sisi tulioulilia mwezi Mei 1996, MV Bukoba ilipozama, hatuhitaji kuelezwa ile siku ya pili inavyokuwa gatini, watu wamesimama wanatazama maji.

Meli nzuri kuliko zote zilikuja baada ya hapo. Kati ya 1904 na 1927 zilijengwa nane za magurudumu ya makasia ambazo ndizo fahari ya ziwa: Montreux, Vevey, Italie, La Suisse, Savoie, Simplon, Helvétie na Rhône mpya. Kiwanda cha Sulzer kilikuwa Winterthur, mbali na Léman, kwa hiyo vyuma vilipaswa kusafirishwa nchi kavu na kuungwa Ouchy. Treni iliyoishinda meli ndiyo iliyombebea meli mifupa yake. Na Liemba nayo ilizaliwa hivyo. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikapakiwa kwenye makasha hadi Dar es Salaam, kisha reli ikaifikisha Kigoma, ikashushwa majini mwaka 1915.

Ukipanda La Suisse ya 1910, yenye mita 78, usikimbilie sitaha ya juu ambako nauli ni ya daraja la kwanza. Simama katikati, uiname. Kuna uwazi, na chini yako mikono ya chuma iliyopakwa mafuta inapanda na kushuka taratibu, bila kelele, kama mtu anayetwanga usingizini. Nimeona watoto wakigoma kuondoka pale, na baba zao pia.

Baadhi ya meli hizo ziling'olewa mvuke na kutiwa dizeli. Genève yetu ilikuwa ya mapema, miaka ya 1930. Liemba nayo ilitiwa dizeli miaka ya 1970, na hakuna aliyeandika shairi. Watu walitaka ifike Mpulungu tu. Huku mambo yaligeuka: mwaka 2001 Montreux iliondolewa dizeli ikarudishiwa mvuke, kwa mtambo mpya kabisa. Ni gharama ambayo mtu wa Kigoma anaweza kuiona ya kichaa. Mimi nilivyoiona mara ya kwanza nilikasirika, sifichi. Halafu nikaipanda, hasira ikapungua, haikwisha.

Genève haikupata bahati hiyo. Ilistaafishwa miaka ya 1970, ikawa ya kukatwa vyuma chakavu, hadi jumuiya moja ikaichukua ili ipokee watu waliokwama maishani. Kati ya stima zote za Léman hiyo ndiyo naiona imebaki na kazi ya kweli, ingawa haisogei hata mita moja.

Hapana, nimezidisha. Kuna kazi nyingine. Reli inafuata ufukwe, haivuki maji, na kati ya Évian ya Ufaransa na Lausanne hakuna daraja. Kwa hiyo kila asubuhi Wafaransa wanaofanya kazi Uswisi wanapanda meli ya CGN, dakika kama 35. Mwezi uliopita nililala Évian makusudi ili nivuke nao. Ilikuwa bado giza. Si meli ya magurudumu, ni chombo cha kawaida tu. Hakuna aliyetazama milima. Mmoja alikuwa anapaka wanja akitumia simu kama kioo, mwingine amelala mdomo wazi, na nyuma yangu wanawake wawili waliovaa viatu vyeupe, nadhani wa hospitali, walikuwa wanabishana kuhusu zamu ya Jumapili. Tulipokaribia Ouchy wote wakasimama kwa pamoja kabla meli haijagusa gati, kama abiria wa Kigoma.