Königsberg tatu, na mzinga uliopita Manyoni

Reli ya SGR imeshafika Makutupora, wilayani Manyoni, na kipande kinachofuata kinaelekea Tabora. Siku hizi gumzo la mkoa wetu wa Singida ni treni ya umeme. Reli ya zamani, ile ya Wajerumani iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma 1914, imebaki kutazamwa kama chuma chakavu. Lakini mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, juu ya mataruma yake ulipita mzinga wa manowari. Naam, manowari, katika mkoa ambao maji yake ni ya maziwa kama Singidani na Kindai.

Mzinga huo ulitoka kwenye Königsberg. Ujerumani iliunda manowari tatu zilizorithishana jina hilo, jina la mji wa Prussia Mashariki. Ya kwanza ilishushwa majini Kiel mwaka 1905, na Juni 1914 ikatia nanga Dar es Salaam chini ya nahodha Max Looff. Alfajiri ya Septemba 20 mwaka huo iliivamia manowari ya Kiingereza Pegasus, iliyokuwa bandarini Zanzibar ikifanyiwa matengenezo, ikaizamisha. Mabaharia wa Pegasus wamezikwa kisiwani Chapwani, ng'ambo tu ya Mji Mkongwe. Kisha Königsberg, nayo mitambo ikiisumbua, ikajichimbia kwenye delta ya Rufiji. Waingereza waliisaka kwa miezi, wakaleta ndege, wakaleta meli za kina kifupi Severn na Mersey. Julai 11, 1915, Looff aliamuru meli yake izamishwe.

Wasimuliaji wengi huishia hapo. Kevin Patience, mwandishi wa vitabu juu ya Königsberg na Pegasus, anaifuatilia mizinga, nami namfuata yeye, maana ndiko kisa kinakotujia sisi wa bara.

Mizinga ilikuwa kumi, ya milimita 105. Ilitolewa kwenye tope la Rufiji na kupelekwa Dar es Salaam, ambako mafundi wa karakana waliitengenezea magurudumu. Walioivuta ni watu, mamia kwa mzinga mmoja, kamba mabegani, kupita mikoko na mchanga. Kutoka Dar es Salaam ikatawanywa. Ilisikika Kahe, na Mei 1916 ikanguruma Kondoa, kwa jirani zetu. Mmoja ukapandishwa treni kwenda Kigoma kufungwa kwenye meli mpya ya Ziwa Tanganyika, Graf von Götzen. Njia ilikuwa moja tu, reli hii, kwa hiyo Manyoni ikaupisha na Itigi ikaupisha.

Kilichotokea ziwani ni kama mchezo wa kuigiza. Lettow-Vorbeck, kamanda wa majeshi ya Wajerumani, aliona mzinga unamfaa zaidi nchi kavu kuliko kuelea Kigoma. Ukang'olewa, na mahali pake pakachomekwa mzinga wa mti. Ng'ambo ya ziwa, Waingereza na Wabelgiji hawakujua. Kamanda wa Waingereza Spicer-Simson, aliyekuwa amezishinda meli mbili za Kijerumani kwa mashua zake ndogo, hakuthubutu kuikabili Götzen. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe kabla ya kuiacha Kigoma, Waingereza wakaja kuiibua, na ndiyo MV Liemba tunayoijua.

Mwezi huohuo majeshi ya Jenerali van Deventer, ya upande wa Waingereza, yaliteremka kutoka Kondoa, yakatwaa Dodoma, kisha Saranda na Kilimatinde. Huku hakuna aliyejali jina la meli. Majeshi ya pande zote mbili yalichukua ng'ombe, yakachukua nafaka, yakachukua vijana wa kubeba mizigo. Mvua ilipokosekana, ghala lilikuwa tupu na mikono ya kulima imekwenda. Wagogo, wakiwemo wa Manyoni, njaa ile waliiita Mtunya, na iliua watu wengi mno. Kwa mizani yangu, hicho ndicho kipande kizito cha historia ya Königsberg, na ndicho kinachopewa mistari michache.

Jina lenyewe halikukaa wazi hata mwaka. Desemba 1915 Königsberg ya pili ilishushwa majini. Waingereza nao mwaka 1917 walikuwa na Pegasus nyingine. Königsberg hiyo ya pili ndiyo iliyompeleka Admirali Meurer Uskoti, Novemba 1918, kupanga namna ya kusalimisha meli za Kaizari. Baadaye ikaenda Ufaransa na kuitwa Metz. Ya tatu ilishushwa majini mwaka 1927, na Aprili 10, 1940 ndege za Kiingereza zikaizamisha bandarini Bergen, Norwe. Baada ya Vita Kuu ya Pili mji wa Königsberg ukawa Kaliningrad, wa Warusi. Emden na Karlsruhe bado ni majina ya meli za kivita za Ujerumani, la Königsberg likaishia Bergen.

Mzinga mmoja wa Königsberg ya kwanza uko Ngome ya Yesu, Mombasa, na mwingine Pretoria, na watalii huenda kupigwa picha na vyuma hivyo. Shirika la Reli lina kuta nyingi mpya katika ujenzi huu. Ukuta mmoja wa stesheni wilayani Manyoni ungetosha kueleza mzinga ule ulipita lini, na ng'ombe, mtama na vijana walikwenda wapi.